Mwongozo Kamili wa Kuitembelea Bustani ya Pwani ya Hitachi kwa Msafiri Anayetoka Dodoma

Bahari iliyo karibu zaidi nasi wakazi wa Dodoma iko umbali wa takribani kilomita 450 kwa barabara, na wengi wetu tunapoizungumzia safari ya pwani huwa tunawaza mchanga, mawimbi na samaki wa kukaanga, si mashamba ya maua. Mwongozo huu unahusu mahali ambapo maua na bahari vimewekwa pamoja kwa makusudi: Bustani ya Pwani ya Hitachi, iliyoko katika mji wa Hitachinaka, mkoa wa Ibaraki nchini Japani, ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki. Nimefika huko mara mbili kumtembelea mdogo wangu anayesoma Tsukuba, katika mkoa huohuo, na tangu niliporudi nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale na ndugu, majirani na watumishi wenzangu ambao nao wana watoto au jamaa masomoni Japani. Nimeona ni vyema niyajibu yote kwa utaratibu, kuanzia siku unapoanza kuiwaza safari hadi unaporudisha baiskeli jioni.

Jambo ninalotaka msomaji alishike kabla ya mengine yote ni kwamba safari hii hupangwa kuanzia kwenye ua. Ukishajua ni ua gani unataka kuliona, ndipo utakapojua tarehe, na tarehe hiyo ndiyo itakayoamua siku ya kuomba likizo, siku ya kupeleka maombi ya visa, nguo za kufungasha na hata saa ya kuamka. Nimekutana na watu waliofanya kinyume, wakakata tiketi kwanza kwa kuwa ilikuwa nafuu, wakafika mwezi Juni na kukuta kilima kitupu kinachoandaliwa kwa miche mipya.

Hatua ya kwanza: kuchagua ua

Bustani hii ina maua karibu mwaka mzima, lakini misimu miwili ndiyo inayowatoa watu majumbani. Wa kwanza ni wa nemofila, ua dogo la rangi ya samawati ambalo asili yake ni Amerika ya Kaskazini, hasa California. Hupandwa kwa mamilioni juu ya kilima kiitwacho Miharashi, nalo huchanua kuanzia takribani katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Wa pili ni wa kochia, kichaka kidogo cha mviringo kama mpira, ambacho hupandwa juu ya kilima hichohicho baada ya nemofila kuondolewa. Kochia huwa ya kijani kibichi wakati wa kiangazi cha Japani, yaani Julai na Agosti, huanza kubadilika mwishoni mwa Septemba, huwa nyekundu kabisa karibu na katikati ya Oktoba, kisha hukauka na kugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kung'olewa.

Kati ya misimu hiyo kuna mengine. Nasisi huchanua mwishoni mwa Machi na kuingia Aprili, tulipu hufuata Aprili, na kosmosi huchanua Oktoba chini ya kilima, wakati ambapo kochia iko juu kabisa katika wekundu wake. Kwa mtu anayeweza kwenda mara moja tu maishani, ushauri wangu ni wiki ya tatu au ya nne ya Aprili, kwa sababu katika siku hizo nemofila na tulipu hukutana, na mtu huona maua ya aina mbili kubwa kwa kiingilio kimoja.

Hata hivyo, kuna onyo. Kuanzia tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei Wajapani huwa na mfululizo wa sikukuu ambao wao huuita Wiki ya Dhahabu, na karibu nchi nzima husafiri. Nyumba za wageni hupanda bei, treni hujaa, na foleni ya kupanda kilimani huwa ndefu. Fika kabla ya tarehe hizo, na ikiwezekana fika siku ya kazi badala ya Jumamosi au Jumapili. Kwa kuwa joto la mwaka husogeza uchanuaji mbele au nyuma kwa siku kadhaa, tovuti ya bustani huonyesha hali ya maua wakati wa msimu. Itazame kila siku unapokaribia kuondoka, na ujiachie siku mbili au tatu za akiba ndani ya ratiba yako.

Hatua ya pili: pasipoti, kibali na visa

Sisi wa Dodoma tuna nafuu moja, kwamba makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa mjini, hivyo suala la pasipoti humalizika bila kusafiri. Mtumishi wa umma aanze mapema kuomba likizo na kibali cha kusafiri nje ya nchi, kwa kuwa barua hiyo itahitajika pia katika maombi ya visa kama uthibitisho kwamba una kazi unayorudi kuifanya.

Mtanzania anahitaji visa kuingia Japani, na maombi hupelekwa Ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam. Kwa kawaida utaandaa fomu ya maombi, picha, pasipoti, ratiba ya safari iliyoandikwa siku kwa siku, uthibitisho wa kazi na taarifa ya benki. Iwapo una ndugu anayekualika, yeye kule Japani huandika barua ya mwaliko na, pale anapokugharamia, barua ya udhamini pamoja na vielelezo vya makazi na kipato chake. Ratiba ya siku kwa siku huwapa watu shida bure. Iandike kwa ukweli na kwa ufupi: tarehe, mahali utakapokuwa, mahali utakapolala. Siku ya bustani niliandika tu kwamba nitatoka Tsukuba kwenda Hitachinaka na kurudi jioni.

Visa ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu siku ilipotolewa, na muda huo ukipita bila kuitumia, huisha. Kwa hiyo anayelenga Aprili asiombe Desemba kwa kudhani kwamba anajihakikishia. Apeleke maombi mwezi Februari au mwanzoni mwa Machi.

Hatua ya tatu: kutoka Dodoma hadi stesheni ya Katsuta

Tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi imeifanya safari ya Dodoma na Dar es Salaam kuwa nyepesi, na mtu anaweza kuondoka asubuhi akapanda ndege jioni, ingawa mimi hupenda kulala Dar usiku mmoja ili kuchelewa kokote kusinikoseshe ndege. Hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Tokyo. Wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Badilisha shilingi kwa dola ukiwa nyumbani, kisha dola kwa yeni ukifika uwanjani kule, maana kuipata yeni Dodoma ni kujisumbua.

Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita, na hapa Mswahili ana faida ambayo sijaisikia ikitajwa. Wajapani wakiwa saa 9 asubuhi kwa hesabu yao, sisi kwa Kiswahili tungeiita saa tatu asubuhi. Wakati huohuo saa ya mkononi uliyotoka nayo Dodoma bila kuibadilisha itakuwa inaonyesha 3. Maana yake ni kwamba saa yako isiyobadilishwa hukusomea moja kwa moja saa ya Kiswahili ya mahali ulipo. Mimi niliacha ya mkononi jinsi ilivyo na kutumia ya simu kwa ajili ya ratiba za treni.

Ukishuka uwanja wa Narita, panda treni ya haraka iitwayo Skyliner hadi Ueno, mwendo wa takribani dakika 40. Kutoka Ueno, panda treni ya haraka ya njia ya Joban, iitwayo Hitachi au Tokiwa, hadi stesheni ya Katsuta, mwendo wa saa moja na dakika chache, kwa nauli inayokaribia yeni 4,000. Treni za kawaida za njia hiyohiyo hugharimu pungufu sana, lakini huchukua muda wa takribani saa mbili na pengine hulazimu kubadilisha. Aliyefikia Tsukuba kama mimi hupanda basi hadi Tsuchiura na kuidaka njia ya Joban hapo.

Ningependa kukaa kidogo kwenye jina la Hitachi, kwa sababu linaweza kukupoteza. Kuna mji mwingine uitwao Hitachi, wenye stesheni yake iitwayo Hitachi, mbele zaidi upande wa kaskazini, na treni unayopanda nayo inaitwa Hitachi. Bustani haipo huko. Iko Hitachinaka, na stesheni yake ni Katsuta, inayofuata baada ya Mito. Ukisikia Mito ikitangazwa, simama uchukue begi lako. Na ukihitaji kuuliza njia, usitaje Hitachi peke yake. Sema "Kaihin Koen", yaani bustani ya pwani, na kila mtu wa eneo lile atakuelewa.

Ndani ya treni hizo za haraka, tazama juu ya kiti kabla ya kuketi. Kuna taa ndogo. Ikiwa nyekundu, kiti hakijauzwa. Ikiwa ya njano, mwenyewe yu karibu kupanda katika stesheni ijayo. Ikiwa ya kijani, kiti kina mtu aliyekilipia. Sisi tumezoea kwamba nyekundu ni marufuku na kijani ni ruhusa, kwa hiyo mgeni huenda moja kwa moja kwenye kiti cha kijani na kuinuliwa na mwenye tiketi. Nilimwona mzee mmoja, mgeni kama mimi, akihamishwa namna hiyo mara mbili kwa heshima kubwa.

Nje ya mlango wa mashariki wa stesheni ya Katsuta, kwenye kituo cha basi namba 2, kuna basi linalokwenda bustanini kwa takribani dakika 15 hadi 20. Weka sarafu tayari, kwa sababu nauli huingizwa kwenye kisanduku kilicho karibu na dereva wakati wa kushuka. Anayependa treni ndogo za vijijini anaweza badala yake kupanda njia ya Minato kutoka hapohapo Katsuta hadi mwisho wa reli, Ajigaura, kisha atembee kwa miguu kiasi cha dakika 20.

Hatua ya nne: kuingia

Kwa siku nyingi za mwaka geti hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Katika kilele cha nemofila hufunguliwa mapema zaidi, na hapo ndipo pa kuamkia. Nje ya misimu mikubwa huwa kuna siku ya wiki ambayo bustani hufungwa, hivyo tazama kalenda kabla ya kukata tiketi ya treni. Kiingilio cha mtu mzima ni yeni 450, sawa na shilingi elfu saba na kitu, na huongezwa tozo ya msimu wakati wa maua makubwa. Wazee wa miaka 65 na kuendelea hulipa chini ya nusu, na watoto hadi wanaomaliza shule ya kati huingia bure.

Ukiingia, chukua ramani. Sehemu iliyo wazi kwa wageni ni takribani hekta 200, na asiyekuwa na ramani huimaliza asubuhi yake akitafuta kilima.

Hatua ya tano: kilima

Miharashi maana yake ni mahali pa kutazamia mbali. Kilele chake kipo mita 58 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dodoma, ambaye mji wake uko zaidi ya mita 1,100, anaweza kukidharau akisikia tarakimu hiyo. Asikidharau. Ardhi ya pale ni tambarare ya pwani, na kutoka juu unaiona Pasifiki upande mmoja na misitu ya misonobari upande mwingine bila kitu cha kukuzuia. Njia zimezungushwa polepole, kwa hiyo hata mwenye magoti mabovu hupanda akipumzika.

Ushauri wangu ni kwamba usipande mara moja. Kaa kwanza chini ya kilima na uchuchumae karibu na ua moja. Nemofila moja ina upana wa sentimita mbili au tatu tu, petali tano, samawati kwenye kingo na nyeupe katikati, na katikati kabisa kuna vijiti vitano vyenye vichwa vyeusi mithili ya punje za ufuta. Shina ni jembamba kiasi kwamba upepo mdogo hulitikisa. Ukishaliona ua hilo moja vizuri, inua macho utazame kilima chote, na utaelewa kazi iliyofanyika pale kwa namna ambayo picha haiwezi kukueleza. Siku ya anga safi, mstari unaotenganisha maua na bahari, na bahari na mbingu, hupotea kabisa machoni.

Mchana upepo wa baharini huongezeka, na watu pia. Asubuhi mapema ndiyo saa ya kilima. Mchana ndiyo saa ya baiskeli. Usitoke nje ya njia na usichume hata ua moja.

Kwa upande wa kochia, habari yake imenigusa kwa namna nyingine. Niliporudi na picha za vijiti vilivyokauka, vya rangi ya dhahabu, nilimwonyesha mama nyumbani Kongwa. Akazitazama, akaisogeza simu karibu, akasema, "Mwanangu, mbona huu ni ufagio?" Alikuwa sahihi. Wajapani huuita mmea huo hokigi, yaani mti wa ufagio, kwa sababu tangu zamani vijiti vyake vilivyokaushwa hufungwa na kutumika kufagilia. Mbegu zake nazo huliwa, hasa katika mkoa wa Akita, ambako huandaliwa kwa jina la tonburi.

Ukiwa juu, inafaa ujue pia ulikosimama. Eneo hili lilikuwa uwanja wa ndege za jeshi la Japani, na baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani yalilitumia kwa mazoezi ya kudondosha mabomu na kufyatua risasi. Lilirejeshwa kwa Japani mwaka 1973, na bustani ikafunguliwa mwaka 1991. Mdogo wangu alinieleza hayo tukiwa tumeketi kwenye ukingo wa njia, na tulikaa kimya kwa muda.

Hatua ya sita: baiskeli

Njia za baiskeli zina urefu wa takribani kilomita 11 na zimetengwa na za waenda kwa miguu. Baiskeli hukodishwa karibu na mageti kwa saa kadhaa au siku nzima, zikiwemo za watoto na zenye kiti cha mtoto mdogo nyuma. Siku za kilele huisha mapema, hivyo ukifika na familia, mmoja wenu aende kwenye foleni ya baiskeli moja kwa moja.

Kabla ya kuondoka, shusha au pandisha tandiko hadi miguu yako iguse ardhi, jaribu breki zote mbili, na uoneshwe kufuli la gurudumu la nyuma. Endesha upande wa kushoto kama nyumbani. Kilimani baiskeli haipandi. Iache kwenye maegesho yaliyo chini. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile inayopita msituni kisha kutokea upande wa bahari, ambapo harufu ya misonobari hubadilika ghafla kuwa harufu ya chumvi. Upepo ukikupiga usoni pale, shuka ukokote. Asiyejua kuendesha, au aliyeongozana na mzee, apande kitreni cha matairi kinachozunguka bustani kwa takribani dakika 40 na kusimama vituoni.

Mavazi, chakula na kurudi

Aprili ya pale si Aprili ya Dodoma. Asubuhi joto linaweza kuwa nyuzi 10, na upepo wa bahari huifanya baridi kuwa kali kuliko ile ya kipupwe chetu cha Julai. Vaa sweta, juu yake koti lisilopitisha upepo, na viatu vya kutembelea. Oktoba ni nafuu kidogo.

Kuna vibanda vya chakula ndani, na unaruhusiwa kwenda na chakula chako na kukila kwenye nyasi. Asiyekula nguruwe ajifunze neno "buta" na aulize hata kwenye supu ya tambi, kwani mchuzi wake mara nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Sisi tulibeba wali uliofungwa, mayai ya kuchemsha na chai kwenye chupa. Beba pia mfuko wa takataka, kwa sababu Japani mapipa ni machache na kila mtu hurudi na za kwake.

Rudisha baiskeli angalau saa moja kabla ya geti kufungwa. Foleni ya basi la Katsuta hurefuka jioni, na aliye na tiketi ya treni ya haraka yenye muda maalumu asiikatie karibu mno. Aache pengo la saa moja na nusu kati ya kutoka getini na kupanda treni. Pengo hilo likibaki, karibu na stesheni ya Katsuta kuna migahawa ya kupata kitu cha moto kabla ya kuondoka.